Kigae cha Arobaini

Kule Usangi sheria ni moja: aliyefinyanga vigae vya mtambo wa jua, uwakao ndani moto kama wa jua lenyewe, ndiye anayelala ubavuni mwake. Bibi Nakijwa aliishi hivyo mwaka wa tisa, kifua mbele. Sumaku za mtambo ziliushikilia moto huo katikati, usiguse kuta. Lakini kwa vile mtambo ulikuwa mdogo kama chumba, moto ulizikaribia kuta na kuzila. Wahandisi walijaribu kila aina ya chuma. Udongo wa kwao Bibi ndio uliostahimili, ukawa vigae vya kuzifunika kuta hizo.

Kila asubuhi mtambo ulizimwa, nyundo ya ndani ikagonga vigae arobaini, kimoja kimoja. Bibi alitega sikio ukutani, kama mtu anayechagua chungu sokoni.

"Vyote vizima!" alitangaza leo, na kijiji kizima kikawasha majiko.

Mjukuu wake, Nangasu, alikuwa bado amejilaza, kitanda chake kimeegemea ukuta huohuo.

"Bibi, cha mwisho hakikulia kama kengele. Kimesema 'ko'."

"Fundi ni nani hapa, mimi au wewe?"

"Wewe, Bibi."

Lakini kabla hata ya chai, Bibi alikivuta kitanda cha mtoto hadi ukuta wa pili, akaleta chake pale kilipotoka.