Nani Anawalisha

Mezani, binti yake fundi makenika alikuwa hashikiki kwa furaha. "Baba, bakteria niliowakuta kwenye udongo wa bustani ya shangazi ni balaa! Wana vimeng'enya vinavyoikata oili vipande vipande, kisha wanaila."

"Si ndiyo vizuri? Wanasafisha," fundi akasema, akizificha kucha zake nyeusi chini ya meza.

"Wanajitahidi, maskini. Lakini hawazaliani kwa wingi hivyo bila kulishwa. Kuna mtu amekuwa akimwaga oili chafu pale, miaka na miaka."

Fundi akaliona akilini lile tundu alilotoboa kwenye ukuta kati ya gereji na bustani, na ndoo alizokuwa akimimina humo. Akalirudisha tonge kwenye sahani.

Dada yake akamsogezea bakuli. "Ongeza mboga, kaka. Nimezichuma bustanini sasa hivi."