Mtazamaji Mmoja wa Chaneli ya Drafti

"Nyumba moja!" Mkuu wa idara aligonga karatasi kwa kalamu. "Katika nyumba zote za kipimo, dada yangu, chaneli ya drafti inatazamwa na nyumba moja. Na wewe unataka niendelee kuibeba kwenye kifurushi kidogo?"

"Kifurushi kidogo ni cha wazee," alisema mpanga vifurushi. "Wazee wanapenda drafti."

"Sema mzee. Mmoja."

Kazi hiyo aliijua kuliko mkuu wake. Mpira huwekwa kwenye kifurushi kikubwa, kwa kuwa mwenye ugonjwa wa mpira atajinyima hata sukari. Katuni huwekwa kwenye cha kati, ili watoto wamlilie baba mpaka apande. Kifurushi kidogo hujazwa makapi, mtu ahesabu chaneli arobaini na asione cha kutazama. Na kila msimu, chaneli isiyo na watu hukatwa kimyakimya. Yeye mwenyewe alikwisha kukata nyingi, wala hakupoteza usingizi. Lakini hii ilikuwa ya baba yake.

Nyumba za kipimo ni zile zilizofungwa king'amuzi maalumu, ambacho kila siku hutuma taarifa ofisini: kimewashwa saa ngapi, chaneli ipi, kimezimwa saa ngapi. Miaka minne nyuma, orodha ya nyumba hizo ilipopangwa, aliichomeka nyumba ya baba yake bila mkuu kujua. Wakati huo mzee alikuwa ameshaacha kusema naye. Mama alizikwa katika wiki ya kuzindua vifurushi vipya, na binti akafika kaburi likiwa limeshafunikwa. Mzee hakumgombeza. Alimtazama tu, akaingia ndani, na tangu siku hiyo hakupokea simu yake hata moja.

Fundi aliyekwenda kufunga king'amuzi alirudi akicheka. "Mzee wako mgumu yule! Kaniuliza swali moja tu: huko ofisini nani anasoma? Nikamwambia ni binti yako. Hapohapo akanionyesha pa kupitisha waya."

Basi kila asubuhi, kabla hata ya chai, binti alifungua taarifa ya nyumba ile. Mwanzoni mzee alihangaika na rimoti: habari kidogo, mieleka kidogo, drafti, kisha habari tena mpaka jioni. Tangu mwaka juzi alikuwa ametulia. Drafti tu, saa nne kamili mpaka saa sita kamili, jua liwake mvua inyeshe. Hilo halikumshangaza. Mzee alikuwa fundi saa maisha yake yote, na uzee humrudisha mtu kwenye tabia zake. Mistari ile miwili, wa kuwasha na wa kuzima, ndiyo iliyokuwa shikamoo na marahaba yao.

Mara mojamoja alimpigia shangazi, dada wa mzee, aliyekaa nyumba ya pili.

"Nije, shangazi?"

"Usije, mwanangu. Hata ukija hamtazungumza."

Naye alikubali upesi, kwa kuwa alikuwa mwoga, na woga wake aliujua.

Mkuu alitia sahihi. Jumatatu drafti ikazimwa. Mpanga vifurushi alibaki mezani akiona amemnyang'anya mzee kitu cha mwisho. Vifurushi vilimkosesha mama, na sasa vinamfuata baba.

Kesho yake alifungua taarifa. King'amuzi kilikuwa kimewashwa saa nne kamili, chaneli ileile, kikazimwa saa sita kamili. Masaa mawili mazima ya kioo cheusi.

Taarifa ya Jumanne ikawa vilevile, na ya Jumatano pia. Alimwona mzee katika mawazo yake, amekaa kwenye kiti, anangoja drafti irudi, na ubishi wake haumruhusu kubonyeza namba nyingine. Machozi yakamtoka mbele ya wafanyakazi wenzake, na hakujali. Ijumaa hakwenda kazini. Alipanda basi la alfajiri, na njia nzima alikuwa akirudia neno moja tu: nisamehe, baba, nisamehe.

Alifika robo saa kabla ya saa nne. Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje. Moyo ukamtua kidogo. Huenda mzee ametoka kunyoosha miguu, na kwa jinsi anavyomjua, saa nne haitampita. Akakaa kizingitini, akajifuta uso, akakunja vizuri gauni lake kama mtoto anayesubiri kuitwa.

Zilipobaki dakika mbili alitokea shangazi, mikono ina povu la sabuni, ufunguo unaning'inia kidoleni. Alipomwona alisimama.

"Shikamoo, shangazi. Baba yuko wapi?"

 Shangazi alimpita, akafungua kufuli, akaingia sebuleni. Kiti kilikuwa kimefunikwa shuka. Alibonyeza king'amuzi, taa yake ndogo ikawaka, naye hakuangalia hata kama kuna picha. Ndipo akageuka.

"Tulimzika mwaka juzi, mwanangu. Aliniusia nikiwashe kila siku, usije ukajua kwamba huna baba."