Kutu ya Namba Tisa

Bastola namba tisa bado ilikuwa na kutu, mahali pale pale.

Mutai, msimamizi, aliiweka juu ya meza ya kusafishia na kuigeuza. Kwenye chuma cheusi chenye mng'ao wa buluu, alama ya dole gumba ilionekana wazi, rangi ya kahawia.

"Barua ya kwanza nilikupa Aprili," alisema. "Ya pili Mei. Ya tatu nikiiandika, Nafula, unajua inakuja na tiketi ya kurudi Kenya."

"Najua, bosi."

"Dada yangu, hii si ni kazi ya dakika mbili? Mafuta kidogo, nyuzi za shaba, kwisha."

Nafula aliendelea kupanga brashi zake.

Alikuwa amefanya kazi miaka minne katika klabu ile ya kulenga shabaha, Abu Hamour jijini Doha. Kila jioni wateja walipoondoka, bastola zililetwa kwenye chumba chake cha kazi zikinuka baruti, naye alizirudisha kabatini safi. Karibu zote zilikuwa za chuma cheupe kisichoshika kutu. Zile za buluu, zilizopikwa kwa dawa mpaka zikapata weusi wake, ziliuzwa moja moja kwa sababu ya unyevu wa Doha. Ilibaki namba tisa peke yake.

Klabu nzima ilijua kwamba Nafula alipenda nyeupe. Ilijua pia kwamba Wanjohi, aliyekuwa mwenzake wa meza ile, alipenda za buluu.

"Hizo zako ni sufuria," Wanjohi alikuwa akimwambia. "Nikishika moja naskia kama naenda kuchemsha githeri."

"Sufuria haililii mafuta kila siku kama mtoto mchanga."

"Sasa kitu kisichokuhitaji, unakipendea nini?"

"Wewe vaa glavu, mzee. Jasho lako ni siki."

Hilo lilikuwa kweli. Chuma cha buluu alichokigusa leo bila kukipangusa, kesho kilikuwa na kutu. Mashine ya kuandikisha wafanyakazi mlangoni nayo ilimsumbua, kwa kuwa dole gumba lake lilikatwa katikati na kovu la mkebe wa samaki. Kila asubuhi aliliweka mara tano, mara sita.

"Imekukataa kama baba mkwe," Mutai alizoea kumtania.

"Baba mkwe nilimmaliza na mbuzi," Wanjohi alijibu. "Huyu wa mlangoni ndiye sijui anakula nini."

Watu wote walicheka. Nafula aliinama juu ya kazi yake.

Mwezi wa tatu Wanjohi alirudi Nyeri. Kiti chake kilibaki, na boksi la glavu ambalo hakulifungua likabaki pia. Nafula aliendelea kuja kazini na chapati nne na kurudi na mbili. Ijumaa alipanda basi hadi Al Wakrah, akakaa mbele ya maji, akarudi bila kuongea na mtu.

"Mimi najua unachofanya," Mutai alisema sasa. "Unaiacha ioze ndiyo useme nyeupe ni bora. Wanjohi hayuko hapa. Umeshinda, sawa? Safisha."

"Si hivyo."

"Basi ni nini?"

Mutai alikitazama kile kiti kitupu na kushusha sauti. Hakuwa mtu mbaya.

"Ningekuwa na uwezo ningemleta hata mke wangu akae hapo, angalau uwe na mtu wa kubishana naye. Lakini kampuni unaijua, haitaki mume na mke idara moja. Si uliona Owen na Melissa walivyorudishwa? Wote wawili, ndege moja."

"Niliona."

"Saa kumi narudi. Nikute imetakata, ama nasaini."

Mlango ulijifunga. Kiyoyozi kilikuwa kikinguruma. Nafula alivua glavu.

Hakuchukua mafuta. Alichovya brashi ndogo kwenye masizi ya mtutu wa bastola nyingine, akaipitisha polepole juu ya ile alama. Alikata kipande cha selotepu ya kubandikia namba za maboksi, akakikandamiza kwa ukucha, akakivuta taratibu kama anayetoa bandeji kwenye kidonda. Alikiinua kwenye taa. Mistari yote ilikuwa imekuja, na katikati mstari mmoja mweupe uliikata yote.

Ndipo akachukua mafuta na nyuzi za shaba. Kweli zilikuwa dakika mbili.

Saa kumi Mutai aliishika bastola kwa ncha za vidole, akaigeuza huku na huku.

"Ona sasa! Kumbe ulikuwa ukaidi tu."

"Ulikuwa ukaidi," alisema Nafula.

Mutai alitoa mfukoni barua ya tatu, haijasainiwa, akaichana vipande viwili, akavitia kwenye ndoo ya taka, akamwambia awahi basi.

Chumbani bwenini, kabla Chelsea anayelala kitanda cha juu hajatoka kazini hotelini, Nafula aliinua godoro. Alitoa karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye mhuri wa ofisi ya Bungoma, akainyoosha juu ya goti. Kile kipande cha selotepu alikibandika kando ya saini ya bwana harusi.

Kwenye fomu iliyosafiri na jeneza hadi Nyeri mwezi wa tatu, mbele ya neno "mke", kampuni ilikuwa imeandika: hana.