Sindano Juu ya Santuri

Hapa Hollywood hakuna studio inayotupa filamu kwa sababu ya kifo. Mwigizaji wetu mkuu alizama wiki iliyopita, na tulikuwa hatujapiga picha ya kumbatio la mwisho. Wakamvisha mtu mwingine koti lake la nahodha, wakamsimamisha kaipa kamera mgongo.

Sauti tulikuwa nayo. Marehemu alishairekodi kwenye santuri siku za majaribio. Kazi yangu ilikuwa kushusha sindano Verna, mwigizaji wa kike, akimaliza kuuliza swali lake.

"Usiniharibie, bwana," mwongozaji aliniambia. "Leo huyo wa kwenye santuri ndiye mwigizaji pekee asiyenisumbua."

Hakuna aliyecheka. Verna alikuwa mchumba wa marehemu kweli, si wa kwenye filamu tu. Alikuwa akichezea kifungo cha lile koti, kimelegea, kinaning'inia kwa uzi mmoja, anakizungusha polepole.

Kengele ikalia. Watu wote kimya.

"Utaniacha tena?" akauliza.

"Siendi popote," sauti ikajibu, kwa upole, kama inasema na sikio moja tu.

Mwongozaji akasimamisha kamera. "Safi, bwana. Sindano umeiwahi sawasawa."

Santuri ilikuwa inazunguka, lakini sindano nilikuwa bado nimeishika juu. Aliyevaa koti alikuwa amefumba mdomo, jasho linamtiririka.

Verna akageuka, akauona mkono wangu. Akautazama, kisha akakilaza kichwa chake kwenye lile koti.

"Turudie," akasema.