Wembe wa Matanga

Padri Anselmi alikuwa ameketi kwenye gogo, udongo wa makaburi ungali kwenye kucha zake, mjane wa Lugendo alipomjia na wembe na bakuli la maji. Lugendo ndiye aliyechimba naye kisima cha mji, na tangu hapo wakaitana ndugu. Ndui ilikuwa imemchukua juzi.

"Padri, matanga hayaondoki mpaka ndugu wa marehemu anyolewe," alisema mama yule. "Ndugu zake wote wamekwisha. Umebaki wewe."

"Mama, unajua nilivyolikemea jambo hili kanisani."

"Najua, nilikuwepo." Aliweka bakuli chini. "Lakini nimechoka kulia, na bila wewe siruhusiwi kunyamaza."

Padri alitafuta maneno ya mahubiri yake, akakuta uchovu mtupu. Aliwatazama waumini wake waliosimama uani, vilemba vichwani kama walivyozoea tangu ugonjwa uingie. Siku zote alidhani wanajikinga na jua. Alivua kofia, akainamisha kichwa.

Maji yalikuwa ya baridi. Wembe ulipita taratibu, mvi zikaangukia kanzu yake nyeusi.

Mjane alipomaliza kumfuta, katekista wa Padri alisogea mbele, akafungua kilemba chake. Akafungua mwingine, na mwingine, mpaka wote wakabaki vichwa wazi mbele yake. Vipara vingine vilikuwa vimenyolewa jana. Kwenye vingine nywele zilikuwa zimeanza kuota upya.