Simba wa Kilimani

Jembe la kwanza lilipogonga mawe ya kaburi, Bibi Severina alimshika mwalimu Tadeo mkono. Kucha zilimwingia.

"Mwanangu, waambie waache. Mwacheni alale."

"Bibi, leo ni siku yake. Mifupa ya shujaa haiwezi kukaa porini kama ya mbuzi."

Kusema kweli, ilikuwa siku ya Tadeo pia. Mwaka juzi alimkuta bibi huyu papa hapa, kilimani juu ya Ipogolo, akimlilia baba yake kwa Kihehe: simba aliyeangukia vitani, mbali na moto wa nyumbani kwake. Wimbo ukamkaa kichwani. Akautia Kiswahili, akaongeza beti za Wajerumani wanaotimua mbio, akaifundisha kwaya ya shule. Sasa, mwaka huu wa sabini na nne, Iringa nzima iliuimba. Hata shule ya Iyunga kule Mbeya walikuwa nao, na kwaya yao imekuja. Simba akishazikwa upya mjini kwa heshima, Tadeo angeipeleka kwaya yake Dar es Salaam. Hakuwa tayari kuikosa safari hiyo kwa machozi ya kikongwe.

Ukungu ulizidi kushuka.

"Mkimtoa mtamtupa," bibi alinong'ona. "Nami sina kaburi lingine la kulilia."

"Nani amtupe, Bibi? Nchi nzima inamwimba!"

Bibi akamwachia mkono. Wimbo ule hakuwahi kuuitikia hata mara moja. Tadeo alidhani ni uchungu, akamwonea huruma.

"Mwalimu, hebu njoo uone," mchimbaji mmoja akaita.

Mgeni rasmi, aliyetumwa na serikali kuongoza mazishi, naye akasogea. Hapakuwa na mkuki wala ngao. Kando ya fuvu ilikuwapo nembo ya kofia, imeota kutu. Mchimbaji akaifuta kwa kidole gumba, akatokea tai aliyekunjua mabawa.

"Tai wa Mjerumani," mgeni rasmi akasema polepole. "Huyu alikuwa askari wao. Hao ndio waliotuchomea vijiji."

Kule chini kwaya mbili ziliendelea kuimba, maana hakuna aliyekwenda kuzinyamazisha. Tadeo akamgeukia bibi.

"Bibi, si ulisema baba yako alikufa akipigana?"

"Alikufa akipigana." Bibi alikuwa amepiga magoti, anarudisha udongo kwa mikono. "Hukuniuliza alikuwa upande gani."