Kibanda cha Vioo cha Mama Jasvanti

Melkiori alipiga magoti uani, akanyoosha futi yake ya kupimia vitambaa kutoka ukutani hadi kwenye kibanda. Akapima tena, safari hii kwa raha zake.

"Kimeukaribia mno ukuta, mama," akasema. "Tena chochote chenye paa ni jengo. Jengo ni kibali, na kibali hakitoki bila saini ya balozi wa nyumba kumi. Balozi ni mimi."

Mama Jasvanti alisimama mlangoni mwa chumba chake, ncha ya sari kichwani. Kibanda chenyewe kilimfikia kifuani: vioo vya madirisha mabovu vimeegemezwa kwenye fito, juu yake gunia la kuzuia jua.

"Ni miche tu, bwana balozi. Jua la Kariakoo linaiunguza. Na serikali si imesema tulime hadi mlangoni, kufa na kupona?"

"Imesema tulime. Haikusema tujenge."

"Basi nivumilie mpaka mvua za kwanza. Humo kuna dawa."

"Dawa ya nini?"

"Ya nyumba hii."

Hapo ndipo Melkiori alipokasirika kabisa. Nyumba ile zamani ilikuwa ya marehemu Vasant, mume wa mama. Serikali ilipoyachukua majumba ya kupangisha, Melkiori akapewa vyumba vya mbele, mama akabaki na kimoja cha uani. Melkiori hakuamini kwamba mtu aliyenyang'anywa nyumba anaweza kuisahau. Leo vioo, kesho tofali, keshokutwa analeta mwanawe kutoka ng'ambo kudai chao. Hata mbuyu ulianza kama mchicha.

Mkewe Severa alimsikia kutoka jikoni. "Baba Celina, msainie mama wa watu. Anamsumbua nani?"

"Nimekukataza kuniita jina hilo."

Celina alikuwa mtoto wao pekee. Alitoroka na Zahoro, fundi redio wa Buguruni, ndoa ikafungwa kwa shehe, baba mtu akaisikia sokoni kama habari ya bei ya sukari. Mbele ya wazee wa ukoo, Melkiori akaapa kwamba binti yule hatavuka mlango wake mpaka alete isale. Na isale kwa Wachaga si jani la mchezo. Likiwekwa mbele yako, hasira yako imekwisha, utake usitake. Anayelidharau amejilaani mwenyewe.

Mwaka uliopita Celina alimtuma mtu nalo. Jani lilikuwa limesafiri kwa basi kutoka Moshi, limesinyaa. Melkiori akalirudisha. "Mimi si mbuzi, niletewe majani makavu. Isale huja bichi, na mwenye kosa huja nalo kwa miguu yake."

Mjumbe hajafika hata kona, Melkiori alikwisha kujuta. Tangu siku ile, mlango wa uani ukilia, moyo unamruka. Alimtaka mwanawe, alimtaka hata na huyo fundi redio wake. Lakini mwanamume akishaapa mbele ya ukoo, ataanzia wapi kurudi nyuma? Akawa anameza machungu yake na kuyatemea wengine.

Jumamosi mkaguzi wa majengo alifika na vibarua wawili wenye nyundo, kwa mwito wa Melkiori.

Mama Jasvanti alikuja mbio pekupeku. "Leo tu, bwana balozi! Niache leo tu! Miche hii mimi nalea, si yangu. Mwenye nayo anakuja leo."

"Nani huyo?"

Mama akatikisa kichwa. "Nimeapishwa nisimtaje. Atasema mwenyewe akifika."

Melkiori akacheka, kicheko kikavu. Kumbe mtoto wa Vasant amekwisha shuka! "Basi aje avikute vigae. Vunjeni!"

Vioo vilishuka kimoja kimoja. Fito zikafuata, gunia likaangukia miche. Mkaguzi akafuta jasho na kukunja mikono ya shati.

"Inatosha, balozi. Sheria ni ya paa. Majani hayana kosa, tumwachie mama."

Mama Jasvanti akainama kulifunua gunia. Melkiori akamwahi. Mkaguzi ataondoka, huyu atabaki, na kesho ataanza upya. Akapanda juu ya gunia na viatu vyake vya kwendea kanisani, akakanyaga. Akakanyaga tena, huku na huku, hadi akasikia mashina yanavunjika na kopo linabonyea.

"Bwana balozi," mama akalia, "unajua unachofanya?"

"Najua sana! Umpe mtu shubiri achukue pima? Mwambie huyo mgeni wako, jibu langu ndilo hili!"

Severa alitoka jikoni mbio, mikono ina unga. Akapiga magoti kwenye vigae, akavuta gunia kutoka chini ya miguu ya mumewe. Chini yake kulikuwa na pilipili na mirihani ya mama, imesambaa. Katikati kulikuwa na kopo la samli, na ndani ya kopo chipukizi la isale, bichi, majani marefu ya kijani, limevunjika shingoni.

Mlango wa uani ukalia.

Melkiori hakuhitaji kugeuka. Severa alikwisha kuona, alikuwa ameshika kichwa. Celina alikuwa mlangoni, vumbi la Buguruni miguuni, anamtazama baba yake, ambaye kiatu kimoja kilikuwa bado juu ya isale.